Oili ya Turbo na Mama Mkwe: Shinyanga hadi Geita

Ndugu zangu mnaokaa pale kibandani kwangu kungoja redio zenu zitengenezwe, nimeona niandike, maana nimechoka kusimulia. Kila anayeingia anauliza jambo lilelile, na kila anayetoka anaongeza la kwake. Nimesikia sokoni kwamba lori la Bwana Nassoro lililipuka kama bomu, kwamba dereva alikimbilia Burundi, na kwamba mimi nilimbeba mama mkwe wangu mgongoni mchana kweupe. Lori halikulipuka. Masanja hakufika Burundi, aliishia kichakani. Hilo la mama mkwe nitalieleza mahali pake, na naomba msicheke mpaka nimalize.

Shinyanga hadi Tinde

Mnajua kwamba mke wangu Kabula anafundisha shule ya msingi Geita, na mimi natengeneza redio Shinyanga, kwa sababu serikali kwa hekima yake iliona ndoa changa inanawiri zaidi ikitenganishwa na mbuga. Mnajua pia kwamba mimba yetu ya kwanza ilitoka, na kwamba siku ile alikuwa peke yake. Hii ya pili ilipokaribia miezi yake, mwalimu mwenzake aliyepita Shinyanga akatuletea habari kwamba Kabula amevimba miguu, daktari hapendi anavyomwona, na anamtaka mama yake. Hakusema anamtaka mume wake. Nilijialika mwenyewe.

Mama mkwe, ambaye hapa nitamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama ninavyomwita siku zote, alifika kutoka kijijini kwake na mizigo ya mtu anayehamia nchi nyingine: debe la samli ya kumnyweshea mzazi, blanketi zito la kijivu, unga wa ulezi, sufuria kubwa yenye mfuniko, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mabasi yalikuwepo mawili. La kwanza lilikuwa linangoja dizeli, la pili linangoja matairi. Tungengoja yapate yote mawili, mtoto angejizaa mwenyewe.

Ndipo Bwana Nassoro, mwenye duka la vifaa, akatuambia lori lake jipya linapeleka chumvi na majembe Geita, tupande bure. Ni mtu mwema, sitaki mnielewe vibaya. Alikuwa amenunua lori la turbo, la kwanza mtaani kwetu, kwa fedha ambayo wengine wangejengea nyumba na kuoa. Halafu alipofika kwenye oili ya kulitilia, akakumbuka kubana matumizi. Alikuwa na pipa la oili uani, alilolipata mashine moja ya kusaga ilipofungwa. Ndiyo aliyokuwa akilitilia lori tangu lilipofika. Nilipomuuliza kama inafaa, alinijibu kwa upole kwamba oili ni oili, cha muhimu iteleze.

Dereva wake, Masanja, mnamfahamu: mwanamume wa makamo, mwenye kofia ya sufu kiangazi na masika, aliyeendesha malori tangu enzi za mkoloni na asiyetaka kufundishwa. Yeye alikuwa na elimu yake kuhusu oili. Oili mpya, alinieleza, ni mbichi. Inapokuwa nyeusi ndiyo imeiva, na mtu mwenye akili hamwagi kitu kilichoiva. Kwa hiyo tangu lori lifike hakuwahi kubadilisha oili hata mara moja. Alikuwa akiongeza tu, kama bibi anavyoongeza maji kwenye chungu cha maharage.

Asubuhi ya kuondoka alitia moto na papo hapo akakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ikiwa baridi kama jiwe, ili turbo ipige mluzi. Alikuwa akiupenda ule mluzi. Majirani walitoka nje. Mayu akauliza ni kitu gani kinalia, na Masanja akamwambia ni turbo, inakamata moshi unaotoka na kuutumia kusukuma hewa injini ipate nguvu. Mayu akasema hiyo tulubo inalia kama mtu anayeumwa. Tulicheka, mimi na Masanja. Tulikuwa werevu sana siku hiyo.

Tatizo la kwanza lilikuwa viti. Kwetu mama mkwe hasogelewi. Humpi mkono, huli mbele yake, hukai naye mkeka mmoja, na kama njia ni nyembamba wewe ndiye unayeingia miibani. Sasa kibanda cha lori kina viti vitatu. Nilitaka kupanda juu ya chumvi, Masanja akasema mgambo wa Tinde hawataki abiria juu ya mzigo. Basi Mayu akakaa dirishani upande wa kushoto, mimi nikakaa katikati nikiwa nimemgeukia Masanja kama mchumba wake, na kati yangu na Mayu tukasimamisha debe la samli liwe mpaka. Akitaka kusema nami, alimwambia Masanja. "Masanja, mwambie mkwe wangu afunge shingo, kuna vumbi." Masanja ananiambia nifunge shingo. Namwambia Masanja amwambie Mayu nashukuru. Masanja anageuka kumwambia, na lori linahama barabara. Tulifika Tinde hivyo.

Tinde hadi Kahama

Pale Tinde kulikuwa na kizuizi. Mwaka ule walanguzi walikuwa wanasakwa kila mahali, na mtu mwenye sabuni tatu alikuwa na mengi ya kueleza. Mgambo mmoja mwenye bidii alipanda, akaliona debe, akaliona pia jinsi nilivyolikumbatia, akaamua amepata mhujumu uchumi wake. Alitaka kujua kama ni oili. Nikamwambia ni samli. Akasema kila mwenye oili husema hivyo. Alifungua, akachovya kidole, akanusa, akalamba, akafikiri, akalamba tena. Uchunguzi ulichukua muda, kwa kuwa ilibidi na wenzake wawili wathibitishe. Mayu alitazama nje, na Masanja aliponipitishia maoni ya mama huyo baadaye, yalikuwa kwamba wale vijana mama zao hawakuwalea.

Wakati wote ule Masanja alikuwa amezima injini. Hii nayo ilikuwa elimu yake: ukisimama, zima hapohapo, dizeli ni adimu. Alikuwa akija kwa kasi, turbo ikilia, anafika kizuizini, anazima funguo kabla tairi hazijasimama sawasawa. Alifanya hivyo Tinde, akafanya Isaka tulipongoja treni ya mizigo ipite, akafanya kila alipomwona mtu anayemfahamu, na anafahamu watu wengi.

Kabla ya Kahama turbo ilibadili sauti. Mluzi ukawa na mkwaruzo ndani yake, kama kisu kinachonolewa. Moshi nyuma ukawa na rangi ya bluu. Masanja alipima oili akakuta imeshuka sana. Akaongeza ya lile pipa, kutoka kwenye dumu alilobeba. Nilimuuliza inaenda wapi. Akasema lori jipya hunywa mpaka lizoee.

Kahama

Kahama tuliingia jioni tukalala kwa ndugu zake Mayu, na asubuhi nikamshawishi Masanja tumwone Fundi Salum, ambaye kila dereva wa njia ile anamtaja kama mtume. Alikuwa mwanamume mnene mwenye kanzu juu ya ovaroli, karakana yake iko nyuma ya msikiti, na kabla ya kugusa lori alituketisha kwenye benchi. Wagonjwa wengine wawili, yaani madereva, walisogea kusikiliza. Nikajua hatutoki mapema.

Nitawaandikia aliyoyasema, kwa faida ya yeyote kati yenu atakayetajirika akanunua lori la turbo. Alisema turbo ina mhimili mdogo kama kidole, na mhimili huo unazunguka kwa kasi kuliko kitu chochote ndani ya gari, na haukukalia chuma bali umekalia oili tu, utando mwembamba wa oili. Upande mmoja unapigwa na moto wa ekzosi mpaka unakuwa mwekundu. Oili ya mashine ya kusaga haikutengenezwa kwa jehanamu hiyo. Inaungua, inaganda, inakuwa makaa, na makaa yanaziba njia ya oili. Kwa hiyo unatafuta oili iliyoandikwa kwenye kopo kuwa ni ya dizeli yenye turbo, ile yenye dawa ya kusafisha ndani, na ambayo ikiwa baridi haiwi nzito mno na ikiwa moto haiwi maji. Hiyo usiichanganye na nyingine.

Masanja alimuuliza kuhusu oili iliyoiva. Fundi Salum alimtazama kwa huruma. Alisema oili ya dizeli inakuwa nyeusi mapema, hata ile nzuri, kwa sababu inaokota masizi, hiyo ndiyo kazi yake. Weusi haukuambii kama imechoka wala kama ni nzima. Unahesabu safari. Kile kitabu cha lori kinachokuambia ubadilishe baada ya mwendo fulani kiliandikwa na watu wa nchi yenye lami. Kwa vumbi la Shinyanga na mzigo wa kupita kiasi, gawa mwendo huo nusu, na kila ukibadilisha oili badilisha na filta yake, usioshe ile ya zamani kwa petroli ukajiona fundi. Tena asubuhi usikanyage mafuta injini ikiwa baridi, ngoja oili ipande juu. Na ukifika, usizime. Iache injini ingurume taratibu mpaka turbo ipoe, kwa sababu ukizima ghafla oili inasimama wakati mhimili bado unazunguka na moto bado upo.

Yalikuwa mawaidha mazuri kabisa. Hata Masanja alikuwa amevua kofia. Nikamwambia Fundi Salum tumeelewa, basi atupe hiyo oili, tutamwaga yote ya zamani hapa hapa.

Akasema hana. Hajaiona tangu masika ya mwaka juzi.

Alichokuwa nacho ni oili iliyomwagwa kwenye mabasi, aliyoichuja kwa kitambaa, na yeye mwenyewe alitushauri tusiitie. Alisema tungoje, kuna mtu ameagiza Tabora. Lini itafika, hilo alimwachia Mungu. Masanja, ambaye alikuwa amepigwa darasa mbele ya madereva wenzake kwa kitu ambacho mwalimu mwenyewe hana, alisimama akavaa kofia yake.

Mayu alikuwa amekaa kwenye kivuli upande wa pili. Alimwita Masanja amuulize mkwe wake fundi amesemaje. Nikamweleza Masanja, Masanja akamweleza yeye, kwa kifupi zaidi. Kisha Mayu akauliza kama lori likiendelea litaharibika. Masanja akasema huenda. Mayu akauliza, na tukingoja je, mtoto naye atangoja? Akainuka, akaenda kujipakia mwenyewe.

Kahama hadi Bugarama

Kutoka Kahama kwenda kaskazini, wakati ule, kilichoitwa barabara kilikuwa ni makubaliano kati ya madereva. Mvua ilikuwa imenyesha siku za nyuma na udongo mweusi wa mbuga ulikuwa bado unanata. Masanja aliendesha kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona nao. Alikuwa akisimama, anaacha injini ingurume, ananitazama kama ananidai. Utingo hatukuwa naye. Safari iliyopita aliteremka maeneo hayohayo akasema anakwenda kujisaidia, na inasemekana sasa ana shimo lake la dhahabu.

Mchana tulikula michembe na karanga, mimi nyuma ya lori na Mayu mbele, kila mmoja akijifanya mwenzake hayupo. Tulikuwa tumeanza kuyaona makazi ya Bugarama kwa mbali tulipofika kwenye mwinuko. Masanja akapangua gia, akakanyaga. Ule mkwaruzo ukageuka kilio, ukakatika, na nyuma yetu likatanda wingu jeupe lenye bluu, zito, likafunika barabara yote.

Lori lilipoteza nguvu, likarudi nyuma kidogo, likaserereka upande wa kushoto na kuegemea ukingo wa udongo. Masanja alivuta breki, akatoa gia, akazima funguo.

Injini haikuzima.

Hilo ndilo watu wa sokoni wanaloita kulipuka, na siwalaumu. Masanja alikuwa ameshatoa ufunguo, alikuwa ameushika mkononi, na injini ilikuwa inapandisha kasi yenyewe. Sasa najua kilichotokea: mhimili wa turbo ulikatika, na oili yote ya injini ikawa inafyonzwa kuingia pale inapoingia hewa. Injini ya dizeli haihitaji zaidi ya hapo. Ilikuwa inachoma oili yake yenyewe, na kadiri ilivyopata ndivyo ilivyozidi. Ile oili ya mashine ya kusaga, iliyoshindwa kazi ya kulainisha, kumbe ilikuwa hodari sana kwa kuungua. Kibanda kizima kilitetemeka, vioo vikalia, sauti ikapanda mpaka nikahisi meno yanataka kutoka.

Masanja alifungua mlango akaruka. Namtetea hapa: aliwahi kuona lori likiua watu, na miguu yake iliamua kabla yake. Tulimwona akiingia kichakani, kofia ikabaki njiani.

Mayu alisukuma mlango wake. Ulifunguka kidogo tu ukagonga ukingo wa udongo. Njia ya kutokea ilikuwa moja, kwa mlango wa dereva, na kati yake na mlango huo nilikuwa mimi, debe la samli, gia, na mila za ukoo mzima. Alinitazama. Nilikuwa mkwe wake kwa miaka kadhaa na sikuwa nimewahi kumtazama usoni. Ana macho ya Kabula.

Nilisukuma debe chini, nikamshika mikono yote miwili, nikamvuta akapita juu ya gia. Nilishuka kwanza, na kwa kuwa lori lilikuwa limeinuka upande ule, chini kulikuwa mbali. Akaweka mikono yake shingoni mwangu, nikampokea, nikamteremsha. Haikuwa mgongoni. Ilikuwa mbele, mikononi, kama anavyobebwa bibi harusi. Sasa mnajua, na mkamwambie yule muuza tumbaku wa sokoni aache kuongeza chumvi.

Nilitaka tukimbie. Yeye hakukimbia. Alisimama akiangalia lile bomba linalopanda nyuma ya kibanda, ambako hewa inaingia, na akaona majani makavu na vumbi vinavutwa kuingia humo kama ndani kuna mtu anayevuta pumzi. Akasema, bila Masanja, bila mtu yeyote wa katikati, "Mkwe, linapumulia pale. Lizibe."

Aliingiza mkono kibandani akavuta lile blanketi la kijivu na mfuniko wa sufuria, akanirushia. Nilipanda kwa kukanyaga tairi. Joto lilikuwa la tanuru. Nilikunja blanketi mara kadhaa, nikaliweka juu ya mdomo wa bomba, nikaweka mfuniko, nikalalia kwa kifua. Lilivutwa kwa nguvu kiasi kwamba nilidhani litanimeza na mimi. Injini ilikohoa, ikapanda tena, ikakohoa, ikatikisa lori lote mara moja, ikanyamaza.

Nakumbuka nilimsikia ndege.

Nilipoteremka, Mayu alikuwa amejifunika kanga usoni na ameshanipa mgongo. Alikwenda kukaa nyuma ya kichuguu upande wa kulia wa barabara, na mimi nikaenda kukaa upande wa kushoto. Baadaye kidogo Masanja alitokea, akaokota kofia yake, akaikung'uta kwa makini sana. Akauliza kama Mayu ameumia. Nikamwambia akamuulize mwenyewe, yeye ndiye mkalimani.

Bulyanhulu

Tulilala palepale, na kulipokucha walikuja watu wawili na baiskeli. Walituambia ule moshi wetu umeleta kizaazaa. Kule kwenye machimbo ya Bulyanhulu watu waliuona wakasema ni polisi wamekuja kuchoma vibanda, wakakimbia wote na kuacha sufuria motoni. Walituomba, kwa heshima, tukajionyeshe ili wenzao warudi kazini.

Masanja alibaki na lori. Sasa niseme lililo lake. Yule mwanamume wa oili iliyoiva, alipoona turbo imekufa, akawa mtu mwingine, kwa sababu lori lisilo na turbo ndilo alilolijua maisha yake yote. Aliizungusha injini kwa mkono akaona inazunguka, haijakwama. Akaiondoa turbo kazini, akaitia guniani: akaziba kwa boliti bomba linaloipelekea oili, akakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi akaunganisha njia ya hewa moja kwa moja hadi kwenye injini, akafunga kwa waya. Itaenda, alisema, polepole, lakini chini hakuna oili ya kutosha hata kulowesha kijiti cha kupimia. Na dumu la akiba lilikuwa tupu.

Kwa hiyo tukaenda machimboni kutafuta oili, Mayu mbele na mimi nyuma kwa umbali wa kupigiana kelele. Watu walitoka vichakani mmoja mmoja wakitukagua. Mwanamume mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninanunua, na niliposema natafuta oili akakonyeza, akidhani ni lugha ya wanunuzi wa dhahabu. Alinionyesha chembe mbili kwenye karatasi ya sigara. Nilimwambia tena, oili, ya injini. Akasikitika kama nimemtukana, akatuelekeza kwa Mama Shija.

Mama Shija alikuwa anamiliki pampu ya kutolea maji mashimoni na jiko la kulishia wachimbaji, na kwa hiyo alikuwa anamiliki Bulyanhulu. Tulimkuta anasonga ugali wa muhogo, amekalia kopo kubwa la bati. Mayu alimsalimia Kisukuma, wakaulizana ukoo mpaka wakapata shangazi wa kuunganisha. Mimi nikapewa ugali na dagaa, nikaenda kuula nyuma ya kibanda kama inavyotakiwa, nikawa nasikia tu.

Nilisikia Mayu akieleza habari ya mwanawe. Nilisikia Mama Shija akisema oili anayo, ndiyo hii ameikalia. Waliiacha wapimaji wa madini waliopita na magari yao. Hakuwahi kuitia kwenye pampu kwa sababu ilionekana safi mno, aliogopa itaiharibu. Nikachungulia. Maandishi yalikuwa yamefutika nusu, lakini nusu iliyobaki ilisema wazi: ya dizeli, yenye turbo. Dawa yote aliyoihubiri Fundi Salum, kila sifa, ilikuwa imefanywa kigoda.

Mama Shija hakutaka fedha. Pale machimboni fedha ilikuwapo, kitu cha kununua ndicho hakikuwapo. Aliuliza tuna nini. Na Mayu, kabla sijafikiria, akamwambia tuna samli.

Nilitoka nyuma ya kibanda. Nilisahau mila kwa mara ya pili. Nilimwambia Mayu ile ni ya Kabula, ya kumrudishia nguvu, yeye mwenyewe ameikusanya msimu mzima, tutoe majembe ya Bwana Nassoro. Hakunigeukia. Alisema polepole, "Safari ile ya kwanza, mimba ilipotoka, nilifika na samli yangu, nikakuta ameshalia peke yake siku tatu. Haikumsaidia kitu."

Sikuwa nalijua hilo. Mimi nilikuwa nimefika baada yake.

Basi debe likabaki Bulyanhulu, pungufu ya vidole vya mgambo wa Tinde, na kopo likabebwa kichwani na mchimbaji hadi kwenye lori. Masanja alilifungua akaimimina oili taratibu, akaona inavyopita kama asali, akasema haya ni mambo mazuri. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba oili halisi ya turbo iliingia kwenye lori lile siku ambayo turbo haikuwapo tena. Mkinitafutia mtu wa kueleza mpango huo vizuri zaidi, mniletee.

Bwana Nassoro, kwa taarifa yenu, ameshatoa uamuzi wake. Anasema turbo ni upuuzi wa Wazungu. Lile pipa bado liko uani.

Kuingia Geita

Tulipanda vilima vya Geita kwa mwendo ambao mtu wa baiskeli alitupita, akageuka, akatusalimia, akauliza kama tuna tatizo. Masikio yote ya Masanja yalikuwa kwenye injini. Tuliingia hospitalini asubuhi iliyofuata, na nesi wa mlangoni, tulipomtajia Kabula, alisema yule mwalimu yuko chumba cha kujifungulia tangu jana na anasumbuka. Akauliza mama yake ni yupi. Mayu alikuwa ameshampita.

Mimi na Masanja tulibaki kwenye baraza. Hakuzima injini. Alisema fundi kasema usizime ghafla, turbo lazima ipoe. Nilimkumbusha kwamba turbo imo kwenye gunia. Akasema hataki kubahatisha tena. Nesi alitoka akatuuliza kama tunataka kuua wagonjwa kwa moshi, ndipo akazima, akaingia kibandani akalala papo hapo.

Siwezi kuwasimulia yale masaa kwa mzaha, nimejaribu hapa mara mbili nikafuta. Ukuta ulikuwa mwembamba. Nilimsikia Kabula, na nilimsikia Mayu akizungumza naye bila kukoma, kwa Kisukuma, kwa sauti ileile aliyoniambia nizibe bomba. Kuna wakati daktari alipita anakimbia. Kuna wakati hapakuwa na sauti kabisa. Nilikaa nimeshika mfuniko wa sufuria, sijui niliuchukua kwa kazi gani. Halafu akalia mtoto.

Waliniruhusu kuingia jua lilipokuwa linashuka. Nilisugua mikono kwa mchanga na kipande cha sabuni alichoniazima nesi, haikusaidia, nilikuwa mweusi mpaka kwenye viwiko. Ni msichana. Kabula alikuwa amelala kama mtu aliyevuta mkokoteni peke yake, midomo imekauka, na yule mdogo alikuwa kifuani pake akifanya mambo yake bila kutujali. Mayu alikuwa kwenye kona anafua vitambaa. Nilisimama mlangoni sijui nianzie wapi: moshi, blanketi lililoungua, samli.

Kabula alifungua macho akanitazama kuanzia nywele mpaka viatu. Alitabasamu kidogo.

"Mama ameniambia mmekuja na lori la turbo," akasema. "Nilidhani mngefika mwezi ujao. Kumbe ni kweli malori hayo yanakwenda mbio."

Nikamwambia ni kweli.